Vitenzi Ndani ya Yai la Nzi

Kitenzi "kuhama" hakichezewi Kibera, Nairobi. Mwisho wa mwezi, kuanzia Makina hadi Laini Saba, mkokoteni uliopakia godoro, mtungi wa gesi na meza iliyopinduliwa miguu juu unajieleza wenyewe. Aliyehama amerudisha ufunguo. Aliyekwenda soko la Toi kutafuta viatu vya mtumba hajahama. Aliyepanda basi la usiku kwenda Siaya kwa matanga hajahama, hata akikaa huko wiki mbili. Kijana anayezurura kati ya Olympic na Karanja kutwa nzima hajahama pia. Kila mmoja wao ana kitenzi chake, na hata mtoto anayeongea Sheng tupu havichanganyi.

Kiswahili cha sayansi ndicho kinachovichanganya. Fungua maelezo yoyote ya Kiswahili kuhusu namna seli zinavyotoka mahali pamoja na kufika pengine mwilini, na utakutana na "uhamaji wa seli" kutoka mwanzo hadi mwisho. Seli ya damu inayokimbilia kidonda inahama. Seli zinazochipuza mrija wa hewa zinahama. Seli za saratani zinazovamia ini zinahama. Sababu yake ni rahisi: Kiingereza kina nomino moja kwa mambo hayo yote, na nomino hiyohiyo hutumiwa kwa ndege wa majira, kwa wakimbizi na hata kwa mafaili ya kompyuta. Mtunzi wa istilahi akaiona nomino, akatafuta nomino, akaridhika. Hoja yangu ni kwamba alianzia mlango usiofaa. Uwezo mkubwa wa Kiswahili umo katika kitenzi na minyambuliko yake, kwa hiyo istilahi ya kitu kinachotenda inafaa ianze kwa kukitazama kitu hicho kikitenda, halafu tuulize mzungumzaji angesemaje.

Kiumbe wa kutazamwa yuko karibu. Pita jioni kwenye meza za matunda karibu na steji ya 46, Kawangware, pale ambapo ndizi zilizozidi kuiva zimetengwa ziuzwe kwa bei ya kutupa, na utaona wadudu wadogo wanaoelea juu yake kama hawana uzito. Watu huwaita vinzi, wengine visubi, wengine nzi wa matunda tu. Hili la mwisho lina matatizo. Nzi wa matunda anayemuumiza kichwa mkulima wa maembe ni mwingine kabisa: ni mkubwa zaidi, hutoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga ndani yake. Aliye maarufu zaidi kati ya hao, Bactrocera dorsalis, alitoka Asia na akagunduliwa Kenya mwaka 2003. Kinzi wa Kawangware haharibu tunda zima. Hufuata lililoanza kuchacha, kwa sababu chakula chake hasa ni hamira inayoota humo. Ningependelea tumwite "kinzi wa chachu". Jiji hili limeshazoea majina ya wadudu yaliyokaa vibaya: yule anayeitwa nzi wa Nairobi, anayewababua watu ngozi msimu wa mvua, wala si nzi. Ni mbawakavu.

Kinzi wa chachu anayejulikana zaidi ni Drosophila melanogaster. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na aliandamana na binadamu hadi kila bara lenye jikoni. Mwaka 1910, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan mjini New York, alipatikana mmoja mwenye macho meupe badala ya mekundu, na kutokana na huyo mmoja sayansi ya urithi ikapata mguu wa kusimamia. Tangu hapo amekuwa mdudu anayejulikana kwa undani kuliko wote. Ndani ya mwili wa jike lake kuna safari ambayo wanasayansi wanaitazama kwa darubini tangu miaka ya 1990 bila kuichoka.

Safari yenyewe ni hii. Yai la nzi hukua ndani ya kifuko kidogo. Seli moja ya mwanzo hugawanyika mara nne na kuzaa seli 16. Moja kati yake huwa yai, na 15 zilizobaki hulilisha. Zote hufunikwa na utando wa seli nyingine ndogo zilizopangana kwa utaratibu. Yai hukaa upande mmoja wa kifuko, nyuma. Kwenye ncha ya mbele, mbali nalo, kuna seli mbili za pekee katika utando ule. Saa ikifika, seli mbili hizi huzichochea jirani zake, sita hivi au nane, nazo hubanduka kutoka kwenye utando, huzikumbatia zile mbili katikati, na kundi zima huanza kupenya baina ya zile seli 15 kubwa kuelekea kwenye yai. Umbali ni kama mikromita 150, yaani sehemu ndogo tu ya milimita moja. Muda ni saa nne hadi sita. Kundi likikwama njiani, jike anakuwa tasa, kwa kuwa seli hizo ndizo zinazosaidia kutengeneza kitundu ambacho mbegu ya dume itapitia kuingia kwenye yai.

Sasa tuvipime vitenzi. Seli hizi zimebanduka kwao, zimekwenda pamoja, zimefika, na hazirudi. Hapa "kuhama" kunafaa kabisa, na mtu wa Laini Saba angekubali bila kubishana. Lakini tazama seli za damu za kiinitete cha nzi huyohuyo. Hizo huanzia kichwani, kisha hutapakaa mwili mzima zikizoa mabaki ya seli zilizokufa. Hazikuhama popote, zinapiga doria. Tazama mirija ya hewa: seli zake husogea kutoka kwenye vifuko vidogo ubavuni mwa kiinitete, lakini haziachiani. Moja hutangulia, nyingine hufuata zimeshikana, na mrija hurefuka na kugawanyika. Hizo zinachipuza. Tazama mgongo wa kiinitete, ambao kwa muda huwa na uwazi, halafu pande mbili za ngozi husogea hadi zikakutana katikati. Hizo zinajongeleana, na uwazi unafumbwa. Kuhama, kupiga doria, kuchipuza, kujongeleana: vitenzi vinne ambavyo kila mtu anavyo tayari, na kila kimoja kinaeleza jambo ambalo nomino moja ililificha. Anayesoma "seli zinajongeleana" ameshaarifiwa na kiambishi "-ana" kwamba pande zote mbili zinatembea. Hahitaji sentensi ya pili.

Kuna wakati tatizo liko kwenye nomino. Zile seli 15 zinazolilisha yai zina jina la Kiingereza ambalo kamusi ya haraka, au mashine ya kutafsiri, italigeuza kuwa "seli muuguzi" au "seli nesi". Msomaji atawazia sindano na wodi. Lakini seli hizi hazitibu mtu. Zinatengeneza chakula na malighafi, zinalipitishia yai kupitia matundu yanayoziunganisha nalo, na mwishoni humimina karibu kila kilichomo ndani yake na kufa. Neno la kazi hiyo ni "mlezi". Kawangware wanalijua kwa uzoefu: kila asubuhi wanawake wengi huvuka barabara kwenda Lavington kulea watoto wa watu wengine, na jina lao huko ni yaya. "Seli walezi" inasema kweli yote, ukiwemo upande wake mchungu, kwamba mlezi hujitoa kwa ajili ya anayelelewa.

Kundi linalosafiri nalo lina jina la kushangaza. Huitwa seli za mpakani, ingawa linapoanza safari halipo mpakani popote. Limepewa jina la kule liendako: mpaka kati ya seli walezi na yai. Nairobi hufanya kinyume. Mtu wa Kawangware anaweza kuishi Gatina miaka thelathini na bado akaitwa kwa jina la kijiji alikotoka. Kwa hiyo msomaji wetu akisikia "seli za mpakani" atadhani ndiko zilikozaliwa. Jina hili silipingi, maana limeshaenea duniani, lakini mwalimu afaa atoe tahadhari mapema: mpaka ni mwisho wa safari. Na kundi lenyewe ningeliita "kishada". Neno hilo lina picha ya vitu vilivyoshikana kwenye shina moja, na seli hizi kweli zimeshikana kwa protini ya kunata iitwayo kadherini. "Kundi" ni neno legevu kwa jambo hilo, na "genge" halisemeki mbele ya polisi.

Tufike sasa kwenye kiini: kishada kinajuaje pa kwenda? Mwaka 1992 huko Baltimore, Marekani, Denise Montell, Pernille Rørth na Allan Spradling walieleza jeni ambayo ikiharibika seli za mpakani huchelewa au hazitoki kabisa. Huo ulikuwa ufunguo wa kuondoka. Mwaka 2001 ikadhihirika kwamba yai lenyewe hutoa protini ambazo kishada huzifuata. Moja huitwa PVF1, ya ukoo wa protini zinazochochea mishipa ya damu kwa binadamu. Nyingine ni za ukoo unaochochea ukuaji wa ngozi. Zikiondolewa, kishada hupoteza mwelekeo. Zikitolewa mahali pasipo pake, kishada hupindukia huko.

Protini kama hizo tuziite nini? "Kivutio" kimeshachukuliwa na utalii. Ukisema kivutio, watu wataona pundamilia. "Chambo" kina hila ndani yake, na yai halina hila. Lakini pia kitenzi "kuvuta" kina kasoro kubwa zaidi: kinachovutwa hakifanyi kazi. Gari bovu huvutwa. Kishada kinatembea kwa nguvu zake, kinachomoza vidole vya utando upande wa mbele, kinashika, kinajisukuma. Ndiyo maana napendelea jozi ya "kuita" na "kuitika". Yai linaita, kishada kinaitika. Anayeitika ndiye anayenyanyuka na kwenda, na asiyejua jina lake hanyanyuki hata ukipaza sauti namna gani. Hilo nalo ni kweli katika kifuko: kemikali ya wito hupita baina ya seli nyingi, lakini ni kishada peke yake kinachonyanyuka, kwa sababu seli nyingine hazijaandaliwa kuuitikia. "Kemikali ya wito" na "mwitikio" zinabeba uhusiano huo wote. Kwa kemikali zinazofanya kinyume, zinazoziambia seli zisikaribie, hatuna haja ya kubuni chochote. Kila duka la Kibera linauza dawa ya kufukuza mbu. Kemikali hizo ni vifukuza.

Neno la pili gumu ni lile la kupungua au kuongezeka kwa kemikali kutoka mahali hadi mahali. Kwa ukolevu hatuna shida: chai hukolea, rangi hukolea, na yeyote aliyewahi kuonja uji anajua kilichokolea na kisichokolea. Shida ni mwelekeo wake. Vitabu vya fizikia vimetuzoesha "mteremko", na wengi huuhamishia kwenye biolojia. Lakini mteremko hutazama chini, wakati seli inaelekea kule kulikokolea zaidi. Inapanda. Neno moja linamfaa mtazamaji mmoja tu. Kwa kemikali yenyewe, inayosambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache, ni mteremko. Kwa seli inayoifuata, ni mwinuko. Kiswahili kinaweza kuyabakisha maneno yote mawili na kumwambia msomaji kila mara amesimama upande gani, jambo ambalo istilahi ya kigeni hailifanyi.

Na mwinuko huo si ngazi iliyonyooka. Anayekaanga mifupa ya samaki iitwayo mgongo wazi huko Gatwekera, Kibera, jioni huwaita wateja kwa harufu kabla hawajamwona. Ndani ya kichochoro chembamba harufu hubanwa na kuta za mabati, nawe huhitaji kuuliza njia. Kichochoro kikifunguka kwenye uwanja, harufu hutawanyika na kuwa nyepesi, na mtu husimama kidogo akigeuza shingo kabla ya kuinusa tena upande wa pili. Ndani ya kifuko cha yai hali ni hiyo. Seli walezi ni kubwa na za mviringo, kwa hiyo nafasi baina yake hazilingani. Mbili zinapogusana, upenyo ni finyu; tatu au nne zinapokutana, panabaki nafasi pana kidogo. Mwaka 2020 maabara ya Montell ilichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kishada hupendelea kupita katikati ya kifuko kwa sababu hapo ndipo seli nyingi hukutana na nafasi huwa kubwa zaidi. Hivi karibuni watafiti wengine, walioko Baltimore, waliunganisha mahesabu na darubini wakaona jambo linalokamilisha hilo: kemikali ya wito huzimuka inapoingia katika nafasi pana, na kasi ya kishada hubadilika papo hapo. Kwa hiyo wito hautoshi kueleza safari. Umbo la njia linaugeuza wito wenyewe.

Jambo hilo linatudai neno jingine. Upenyo unaoruhusu si sawa na kemikali inayoita, na "kuongoza" hutumiwa ovyo kwa vyote viwili. Kiswahili kina familia nzima ya shina moja hapa: kuelekea, kuelekeza, kuelekezwa, kuelekezana. Kishada kinaelekea kwenye yai. Kemikali inakielekeza. Seli za kishada zinaelekezana, kwa kuwa imeonekana kwamba seli iliyo mbele hubadilika njiani, moja ikipokea uongozi na nyingine ikiuachia, huku zikiarifiana kwa mvutano wa ile protini ya kunata. Upenyo nao hauelekezi, unaruhusu. Tukizingatia "kuelekeza" na "kuruhusu" kwa ukali, mwanafunzi atajua bila kuambiwa kwamba sababu ni mbili na zinafanya kazi tofauti.

Wito ukifika kwenye seli unapokewa na nini? Istilahi iliyopo ni "kipokezi", na hii ni mojawapo ya kazi nzuri za watangulizi wetu. Itazame kwa makini: ina "pokea" ndani yake, lakini pia ina "pokeza", yaani kumkabidhi mwingine. Ndivyo kipokezi kinavyofanya. Kichwa chake kiko nje ya seli na mkia wake uko ndani. Kinaudaka wito nje na kuukabidhi kwa protini ya ndani, nayo huukabidhi kwa nyingine, hadi ujumbe ukafika kwenye kiini na kuziamsha jeni. Mlolongo huo wote unaweza kuitwa "upokezanaji wa ishara". Nchi iliyolelewa kwenye riadha haihitaji kufundishwa maana ya kupokezana vijiti.

Bado kuna suala la saa. Kishada hakiondoki mpaka homoni iruhusu. Homoni hiyo ni ekdisoni, ileile inayomfanya kiwavi ajivue gamba. Adolf Butenandt na Peter Karlson waliitenga mwaka 1954 huko Ujerumani kutoka katika kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri, na kutokana na shehena hiyo wakapata miligramu 25 tu. Kwa Kiswahili ningeiita homoni ya kujivua gamba, ingawa najua kwamba tangu mwaka 2011, chama cha CCM kilipoufanya usemi huo kaulimbiu yake ya kujisafisha, Mtanzania hawezi kuusikia bila kutabasamu. Siasa imeazima neno kutoka kwa nyoka. Sayansi ina haki ya kulidai. Na homoni za wadudu si mambo ya mbali kwa Nairobi. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesomea Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, mmoja wa waasisi wa elimu ya homoni za wadudu, alirudi nyumbani na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ambacho leo kiko Kasarani, upande wa pili wa jiji kutoka Kibera. Mahali hapo pameitwa Duduville. Jina hilo limeunganisha Kiswahili na Kifaransa na halikuleta kisirani chochote. Magharibi mwa Uganda, mjini Ishaka, kumekuwa na warsha za kuwafundisha watafiti wa Kiafrika kumtumia kinzi huyu maabarani, kwa kuwa hula kidogo, huzaa haraka na hahitaji maabara ya kifahari.

Wanaomchunguza kinzi wana desturi yao ya majina. Jeni hupewa jina la kinachoharibika ikikosekana, na kila mgunduzi hutumia lugha aipendayo. Jeni inayosaidia yai kutuma wito wake inaitwa gurken, yaani matango kwa Kijerumani, kwa sababu mayai ya jike aliyeikosa hutoka marefu na membamba. Jeni inayosaidia ekdisoni kuamrisha kishada kiondoke inaitwa taiman, na kwa Kichina maana yake ni "polepole mno". Jeni ya kipokezi kimoja cha neva imepewa jina la mzunguko wa barabarani: ikikosekana, nyuzi za neva huvuka mstari wa katikati ya mwili, kisha huvuka tena na tena, kwa sababu hazikisikii kifukuza kilichowekwa hapo. Mtanzania angeiita kipilefti na Mkenya raundabauti, na wote wawili wangeielewa jeni hiyo kabla ya somo kuisha. Majina haya ya kimataifa tuyaache yalivyo, lakini tuyasimulie. Ikiwa Kijerumani na Kichina vimepata viti katika mwili wa mdudu wa Kiafrika, mtafiti wa Nairobi atakayegundua jeni yake kesho hana sababu ya kuogopa kuibatiza kwa Kiswahili, au kwa Kinubi cha Makina, lugha iliyoipa Kibera jina lake kutokana na neno la msitu.

Hatuanzi kazi hii mikono mitupu. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, liko tangu mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. "Selimundu", neno lililoundwa kwa seli yenye umbo la mundu, limetoka kwenye karatasi za hospitali za Tanzania likaingia midomoni mwa wazazi. Huku Kenya, Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alishikilia kwamba neno jipya litafutwe kwanza ndani ya lahaja za Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuvuke bahari. "Runinga" ni mazao ya msimamo huo. "Rununu" nayo ilikuwa habari inayosikika kutoka mbali kabla haijawa simu ya mkononi. Ningeongeza chanzo kimoja kwenye orodha ya Nabhany: mitaa ya jiji. Lahaja za leo zinazaliwa Gatina na Kisumu Ndogo kwa kasi kuliko Siu na Pate, na vitenzi vyake vya kwenda, kutoka, kuhepa na kubanana vimesuguliwa na matumizi ya kila saa.

Kuna anayeuliza faida iko wapi, wakati mtihani wa biolojia wa sekondari nchini Kenya hufanywa kwa Kiingereza. Faida iko nje ya chumba cha mtihani. Kwa miaka mingi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, imefuatilia magonjwa katika nyumba za Gatwekera na Soweto, Kibera. Kila mtafiti anayebisha hodi analazimika kueleza kwa Kiswahili atachukua nini mwilini na kwa sababu gani. Ridhaa ya mtu haiwezi kuwa timamu kuliko maneno aliyoelezwa. Na mienendo tuliyoiona ndani ya kifuko cha nzi inajirudia katika mwili wa binadamu: kidonda kinapofumbwa, kiinitete kinapojipanga, saratani inaposambaa kwa vishada. Daktari atakayemwambia mgonjwa kwamba seli za uvimbe "zimehama" atakuwa amemfariji kwa uongo, kwa sababu mtu akihama huiacha nyumba tupu. Saratani haiachi nyumba tupu. Huvamia pengine na kubaki ilipokuwa.

Maneno hupimwa yakiwa kazini, kwa hiyo haya hapa mengi kati yake katika aya moja. Ndani ya kifuko cha yai la nzi, seli chache hubanduka kutoka kwenye utando na kuhama zikiwa kishada. Yai huziita kwa kemikali, na kemikali hiyo hukolea zaidi kadiri unavyolikaribia yai, kwa hiyo kishada hupanda mwinuko wa ukolevu. Vipokezi huupokea wito na kuupokeza ndani ya seli. Homoni hutoa saa ya kuondoka. Penyo zilizo baina ya seli walezi haziiti wala hazielekezi. Zinaruhusu, huku zikiuzimua wito zinapopanuka. Seli za kishada huelekezana njiani, na safari huishia mpakani.

Maneno yaliyokopwa kutoka Kiingereza humo ni matatu tu: seli, kemikali na homoni, na yote yameshakuwa wenyeji. Neno moja bado halinikai, "utando". Tunalitumia kwa kazi ya buibui, kwa ngozi ya juu ya maziwa yaliyopoa, na kwa seli zilizopangana safu moja, ilhali safu hii ina uso wa juu na uso wa chini visivyofanana, na kubanduka kwa kishada huanza kwa kupoteza tofauti hiyo. Fundi wa ngozi, wa mikeka au wa mabati huenda analo neno la kitu chenye nyuso mbili zisizobadilishana. Aliye nalo alitoe, tulijaribu katika aya ileile, na lisipofaa tulitupe bila kinyongo.